Pima chumba kabla ya kumlipa seremala

Msimu wa mavuno ni msimu wa maseremala pia. Mkulima akishauza mahindi au ufuta, mara nyingi hukimbilia kitanda kipya, na wengi siku hizi hutaka cha futi 6 kwa 6. Tatizo huonekana kinapofika nyumbani: mlango haufunguki wote, kabati halina pa kukaa, na fedha ya seremala hairudi.

Vyumba vingi vya kupanga havizidi futi 10 kwa 10. Ile 6 kwa 6 ni kipimo cha godoro tu. Ukiongeza mbao za pembeni na ubao wa kichwani, kitanda hukaribia futi 6 na nusu, urefu na upana. Zinabaki 3 na nusu. Kabati la nguo hula 2, hivyo mbele yake inabaki futi 1 na nusu. Hapo mtu hupita kwa ubavu. Kitanda cha 5 kwa 6, kikisogezwa kwenye kona iliyo mbali na mlango, huacha kama futi 4 na nusu. Kabati linakaa, na mtu anapita.

Hesabu hii haihitaji fundi. Pima kuta, mlango na dirisha, kisha chora kitanda na kabati sakafuni kwa chaki, au kwa majivu kama sakafu ni ya udongo. Fungua mlango uone unaishia wapi. Dirisha lisizibwe na kabati. Upimwe pia upana wa korido, kwani kabati lililogongwa likawa kitu kimoja huweza kukwama nje. Ni afadhali kuagiza la kufungwa kwa bolti.

Halafu yapo magunia. Wengi huyalaza chumbani kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini nafaka iliyowekewa vidonge vya kufukiza vya alumini fosfaidi hutoa gesi inayoua watu, na gesi hiyo hupenya nyufa hadi chumba cha pili. Mtu asilale humo wala chumba cha jirani.

Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa haihitaji dawa. Nayo ichorewe nafasi yake sakafuni, juu ya chaga, isiguse ukuta. Kwa mwenye kitanda cha 6 kwa 6, nafasi hiyo haipo.