Malkia wa Maji Moto: Jinsi ya Kumtafuta, Kumnasa na Kuanzisha Kundi kwenye Shamba la Korosho

Kila msimu vijana wa hapa Lukuledi, na wengine wa kule juu Newala, wananiuliza swali lile lile: "Bwana shamba, nilikata viota vya maji moto kwa jirani nikavifunga kwenye mikorosho yangu. Baada ya miezi michache wote wameisha. Shida nini?"

Mara nyingi shida ni moja tu. Umehamisha wafanyakazi, malkia umemwacha kule kule. Mfanyakazi wa maji moto anaishi miezi michache, na bila malkia wa kutaga mayai hakuna wa kushika nafasi ya wanaokufa. Kundi linapungua polepole hadi linakwisha. Kwa hiyo leo tuzungumzie malkia mwenyewe: anatoka lini, anajificha wapi, unamnasaje, na ukishampata unamtunzaje.

Kwanza, kwa nini tuhangaike naye?

Anayelima korosho kibiashara anawajua maadui wake. Mbu wa mikorosho anafyonza machipukizi laini mpaka yanakuwa meusi na kukauka, na maua yanaondoka nayo. Mbu wa minazi anafyonza korosho changa. Nyingine zinanyauka na kudondoka, nyingine zinakomaa zikiwa na madoa kwenye kiini. Siku ya kupima ubora kabla ya mnada, madoa hayo ndiyo yanayokushusha daraja. Kupambana nao unanunua dawa, unakodi mashine, unalipa vibarua na mafuta, na hesabu inarudi vile vile kila mwaka.

Maji moto ni wawindaji wanaoishi juu ya mti. Wanashona majani kwa uzi wa hariri unaotoka kwa mabuu wao. Mfanyakazi anamshika buu mdomoni na kumpitisha huku na huku kama sindano. Mchana kutwa wanapita kwenye matawi na machipukizi, na mbu hapati nafasi ya kutulia afyonze.

Elimu hii ni ya zamani. Huko China, maandishi ya mwaka 304 yanaeleza wakulima wa machungwa wakinunua viota vya sisimizi wa jamii hii sokoni. Kwetu Afrika Mashariki, mtafiti Michael Way aliwachunguza maji moto Zanzibar na kuchapisha kazi yake mwaka 1954. Mbu wa minazi anabeba jina lake kwa kisayansi, *Pseudotheraptus wayi*. Na hapa karibu, watafiti wa Naliendele wakishirikiana na SUA na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark walifanya kazi kubwa miaka ya 2010. Walichunguza malkia wanaruka lini, kiota chake unakitambuaje kwenye shamba la mikorosho, na njia zipi zinafaa kumnasa.

Malkia anatoka lini?

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Huo ndio msimu wa kuwinda malkia. Fungua kidogo kiota kikubwa kwenye kundi lililokomaa. Ukiona sisimizi wakubwa wenye mabawa na tumbo nene, hao ni malkia watarajiwa. Wale wadogo weusi wenye mabawa ni madume. Kiota kifunike tena, wasubiri waruke wenyewe, maana wanaokaa ndani bado hawajapandwa. Ukimchukua huyo, umechukua bure.

Wanaruka jioni, jua linapokaribia kuzama, hasa ikiwa mvua imenyesha na hewa ina unyevu. Malkia akishapandwa anashuka mtini, anakata mabawa yake, anatafuta jani lililojikunja na kujificha humo peke yake. Hapo ndipo anapoanza kutaga. Huyo asiye na mabawa, aliyejificha peke yake, ndiye tunayemtaka.

Njia tatu za kumpata

*1. Kupekua.* Asubuhi baada ya jioni ya kuruka, pita kwenye miti mifupi ambayo haina maji moto: miembe midogo, michungwa, milimao, mikorosho michanga. Angalia majani yaliyojikunja au kushikana. Usipoteze muda kwenye mti wenye kundi, kwa sababu malkia mgeni akitua pale wenyeji wanamuua.

*2. Mtego wa jani.* Usisubiri jani lijikunje, mkunjie wewe. Chukua jani la mwembe au mchungwa likiwa bado kwenye tawi, lisikauke. Lisokote liwe bomba la unene wa kidole, kisha lifunge kwa uzi au ukamba wa mgomba. Weka mitego kadhaa kwa kila mti, kwenye urefu unaoufikia kwa mkono. Kagua kila asubuhi na ufunge upya iliyofunguka.

*3. Mtego wa taa.* Jioni ya kuruka, weka taa ya sola mbele ya shuka jeupe au juu ya beseni jeupe. Wadudu wa kila aina watakuja, malkia wakiwemo. Kasoro yake ni kwamba taa inawavuta hata ambao hawajapandwa. Kwa hiyo wahifadhi mmoja mmoja na uwape muda. Asiyetaga mayai yanayoanguliwa, mwache aende.

Kwa mfuko wa kijana anayeanza, mimi napendelea jani. Halina gharama, na linanasa malkia aliyekwisha kuamua kutulia.

Kumtunza wiki za mwanzo

Mweke kwenye kichupa cheupe pamoja na jani dogo, mdomo uzibe kwa pamba yenye unyevu kidogo. Kiweke kivulini, mbali na sisimizi wengine na mbali na moshi. Usimlishe, hana shida ya chakula. Malkia anayeanza kundi anaishi kwa mafuta ya mwili wake na misuli ya mabawa aliyoyakata, na humo humo ndimo anamolishia watoto wa kwanza. Kinachomuua ni ukame, jua na mikono ya mtu asiyetulia. Ukimfungua kila saa umwangalie, anaweza kula mayai yake mwenyewe.

Joto likiwa zuri, wafanyakazi wa kwanza wanatoka baada ya mwezi mmoja hivi. Wanakuwa wadogo na wachache. Hapo sasa anza kutoa tone la maji ya sukari na kipande kidogo cha dagaa.

Kuna mbinu ya kuharakisha, na watafiti wa Benin wameijaribu: kumwongezea malkia pupa kutoka kundi lingine. Pupa ni wale weupe waliokwisha kuumbika miguu, wanaokaribia kuwa sisimizi kamili. Wakitoka wanamkubali malkia wanayemkuta kama mama yao. Hakikisha tu hujabeba mfanyakazi mkubwa hata mmoja wa kundi lile, atamuua malkia wako.

Kuwapeleka shambani

Chagua mti usio na sisimizi wengine. Adui mkubwa ni wale wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao hufukuza maji moto mtini. Paka mkanda wa grisi kuzunguka shina, kata matawi na majani yanayogusa ardhi, kisha funga kichupa kwenye panda ya tawi, kivulini, na ukifungue. Kundi likiongezeka, funga kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine wapate daraja.

Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina mikorosho kama 28. Ekari 10 ni miti 280 hivi. Huhitaji malkia 280, kwa sababu kundi moja likikomaa linashika miti kadhaa na viota vingi. Lakini wapo watakaokufa njiani, kwa hiyo anza na wengi kuliko unaowahitaji.

Ukitaka njia ya mkato

Unaweza kuhamisha kundi zima, ila sharti upate kiota cha malkia. Jua kwanza mpaka wa kundi: chukua maji moto wa mti mmoja, waweke kwenye mti wa pili. Wakipigana, hayo ni makundi mawili. Ndani ya kundi moja tafuta mti wenye viota vingi na njia zenye pilika kuliko nyingine. Kiota cha malkia mara nyingi kiko juu. Ukikuta mayai mengi, umekaribia. Kata asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, tumbukiza kwenye gunia, paka jivu mikononi kupunguza kung'atwa. Na kamwe usichanganye makundi mawili mti mmoja.

Mambo ya kujua kabla hujaanza

Kundi linaloanza na malkia mmoja halitaokoa korosho za msimu huu. Hesabu mwaka mmoja, hata miwili. Dawa ya kuua wadudu haibagui mbu na maji moto, kwa hiyo tenga sehemu ya shamba ambayo hutaipulizia na uelewane na jirani kuhusu upepo. Ubwiri unga ni ukungu, maji moto hawauwezi. Salfa bado utaihitaji.

Jambo la mwisho ni hili. Vijana wawili watatu wameniuliza kama malkia wana soko nje. Mwezi Aprili 2025, Kenya, watu walikamatwa Nakuru na malkia wapatao 5,000 wa sisimizi wavunaji, wengi wakiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Wafugaji wa sisimizi Ulaya na Asia wananunua. Tarehe 7 Mei mahakama iliwahukumu watu wanne, kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au jela miezi 12. Hata kwetu, mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Akija mtu na hela za malkia, mwelekeze ofisi ya wanyamapori ya wilaya kwanza, na wewe usimuuzie. Malkia mmoja aliyetulia kwenye mkorosho wako anakulinda miaka. Aliyesafirishwa kwenye kichupa anaweza kukupeleka mahakamani.

Kwa hiyo sasa hivi, kabla ya mvua: zunguka shamba lako, weka alama kwenye miti yenye maji moto na isiyo nao, kusanya vichupa. Mvua zikianza, funga mitego. Ukimpata malkia wa kwanza na una shaka, mlete ofisini kwenye kichupa tumwangalie pamoja.