Kosa la Usiku Linalokamatwa Mchana

Saa saba mchana, kwenye lami inayotoka Mbarara ikapita Kaberebere kuelekea Isingiro na mpaka wa Kikagati, gari dogo la abiria likisimamishwa na trafiki kwa sababu ya spotilaiti mbili zilizofungwa kwenye bampa, taa hizo huwa zimezimwa. Hakuna aliyepofushwa nazo saa ile. Dereva anaulizwa nani alimruhusu kuzifunga, naye anajibu kwamba zinauzwa hadharani dukani, na kwamba alilipa fundi azifunge mchana kweupe. Saa tatu usiku barabara ni ileile, lakini sasa malori ya Fuso yaliyosheheni matoke yanapanda kuelekea Mbarara, boda boda zinarudi nyumbani na abiria wawili wawili, na magari yenye taa za kuongeza yanakuja yamewasha kila kitu. Saa hiyo, mara nyingi, askari keshaondoka. Hapo ndipo malalamiko ya madereva yanapoanzia. Hoja ya makala haya ni kwamba madereva wana haki kulalamikia namna sheria ya taa inavyosimamiwa, ila wanakosea wanapoilalamikia sheria yenyewe.

Tuanze na taa, maana watu wengi huziita zote spotilaiti na mambo yakachanganyika. Kila gari hutoka kiwandani na taa kubwa zenye hatua mbili, ful na dimu. Ful humulika mbali na moja kwa moja; dimu huinamisha mwanga chini na kuupeleka zaidi upande wa ukingo wa barabara, ili anayekuja mbele asiumie macho. Kisha kuna taa za ukungu, ambazo hukaa chini kabisa karibu na lami na kutandaza mwanga mpana na mfupi. Hizo zina kazi yake halali, na anayepanda milima ya Kabale alfajiri anaijua. Aina ya tatu ndiyo yenye ugomvi: spotilaiti na zile taa ndefu za LED zinazofungwa juu ya paa, mbele ya grili au kwenye vyuma vya kuzuia ng'ombe. Zilibuniwa kwa ajili ya porini, migodini na mashambani, mahali ambapo hakuna mtu anayekuja kutoka upande wa pili. Hazina dimu. Zikiwaka, zinamulika mbele moja kwa moja, kwenye kioo cha gari linalokuja na kwenye uso wa mpanda boda asiye na kioo chochote.

Madhara yake yanaweza kupigiwa hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Jicho likipigwa na mwanga mkali gizani, mboni hujibana upesi, lakini uwezo wa kuona vitu hafifu haurudi papo hapo. Huchukua sekunde kadhaa, na kwa mtu mwenye umri mkubwa huchukua muda mrefu zaidi. Tuseme sekunde tano tu. Katika sekunde hizo gari limeshapita mita 110, urefu wa uwanja wa mpira, na dereva anaona wingu jeupe tu. Ndani ya mita hizo 110 kati ya Mbarara na Isingiro kunaweza kuwa na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu bila taa ya nyuma, ng'ombe wa Ankole anayevushwa, au mama na mtoto wake wanaotembea ukingoni kwa sababu njia ya waenda kwa miguu haipo. Ripoti za polisi ya Uganda zinaonyesha kwamba watu 4,806 walikufa barabarani mwaka 2023, na mwaka 2024 wakafika 5,144. Taa kali ni sababu moja tu kati ya nyingi. Lakini ni miongoni mwa chache ambazo dereva anaweza kuzimaliza usiku huu kwa kubonyeza swichi.

Kwa hiyo sheria ina sababu ya kuwepo, wala haikubuniwa Kampala ili kuwakomoa watu wa Isingiro. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka dimu imulike angalau mita 40 mbele na ful angalau mita 100, na unamtaka dereva ashushe taa anapokutana na mwenzake. Kanuni za kiufundi za Umoja wa Mataifa, ambazo viwanda vingi vya magari duniani huzifuata, zinakwenda mbali zaidi: kwenye gari dogo taa ya ukungu ya mbele isizidi sentimita 80 kutoka ardhini, na taa yoyote ya ful, hata ya kuongeza, lazima izimike yenyewe mara dereva anapoweka dimu. Rangi nazo zina utaratibu wake. Mbele ni nyeupe au manjano, nyekundu ni ya nyuma, na vimulimuli ni vya magari ya dharura. Uganda ina Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020, pamoja na kanuni zake, na katika miaka ya karibuni kikosi cha trafiki kimetangaza mara kwa mara misako dhidi ya ving'ora, vimulimuli na taa kali za kuongeza. Ng'ambo ya Kikagati, Tanzania, polisi nao wamepambana na vimulimuli na ving'ora vivyo hivyo.

Pingamizi la kwanza la madereva ni zito na halifai kupuuzwa. Wanasema: barabara zetu hazina taa za mitaani, michoro ya lami imefutika, na ukiacha lami kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni vumbi na mashimo matupu; mnataka tuendeshe na mwanga wa mshumaa? Jibu ni kwamba magari mengi yenye mwanga hafifu yana ugonjwa mwingine, na spotilaiti haiutibu. Plastiki ya mbele ya taa imegeuka manjano kwa jua na miaka. Waya wa kurudisha umeme kwenye bodi umeshika kutu, kwa hiyo balbu ya wati 55 haipati nguvu yake yote. Au balbu ya halojeni imeng'olewa na kuwekwa ya LED ndani ya kioo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Hili la mwisho linawadanganya wengi. Kioo cha ndani cha taa kimepindwa kwa hesabu ya uzi mdogo wa halojeni, ukae mahali fulani kamili. Ukiweka chanzo kingine chenye umbo jingine, mwanga hutawanyika hovyo: dereva huona weupe mwingi karibu na bampa na kudhani ameongeza nguvu, kumbe kule mbali, anakohitaji kuona, hakuna kilichoongezeka, na wa mbele yake amepofushwa.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa karibu, maana hata gari lisilo na taa ya kuongeza linaweza kupofusha. Tazama gari dogo la abiria linalotoka stendi Mbarara jioni. Nyuma wamebanana watu wanne, mbele wapo wawili kando ya dereva, buti limejaa magunia na godoro limefungwa kwa kamba. Matako ya gari yamekalia magurudumu, pua imeinuka. Dimu iliyokuwa inaangalia lami sasa inaangalia macho ya watu. Magari mengi kutoka Japani na Ulaya yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba 0 hadi 3. Kazi yake ni kuinamisha taa kadiri mzigo unavyoongezeka, na kwenye magari mengi hakijaguswa tangu gari liliposhuka melini. Vilevile kuna magari yanayoingia Uganda kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, ambako watu huendesha upande wa kulia. Taa zake zimeundwa kupeleka mwanga kulia, na kulia kwetu ndiko anakopita anayekuja. Dereva wa gari hilo hajaongeza chochote, ameweka dimu kwa adabu, na bado anamuumiza mwenzake. Askari anayetafuta spotilaiti tu hawezi kumwona.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: nisipofunga taa kali, nitawajibuje wanaonimulika? Mantiki hiyo inaeleweka, na ndiyo iliyotufikisha hapa. Wa kwanza alifunga mbili, wa pili akafunga nne, wa tatu akaweka mstari mzima juu ya paa. Wote watatu wakikutana kwenye kona, hakuna anayeona. Anayelipa gharama ni yule ambaye hakufunga chochote, na mara nyingi yuko juu ya pikipiki.

Pingamizi la tatu ndilo lenye hasira yenyewe: trafiki hajali macho ya mtu, anatafuta kitu kidogo. Hapa hakuna haja ya kuwatetea askari wasiotetewa na ushahidi. Tafiti za Transparency International kuhusu rushwa Afrika Mashariki zimeitaja polisi mara kwa mara miongoni mwa taasisi zinazoongoza, na si Uganda peke yake. Lakini tujiulize ni sheria ya namna gani inayomlisha mla rushwa. Ni ile ambayo kosa lake linaamuliwa kwa jicho lake. Akisema “taa hii ni kali mno”, dereva hana la kujibu isipokuwa kubembeleza. Akilazimika kusema “taa hii ya ukungu iko sentimita 95 kutoka ardhini, mwisho ni 80” au “nimeweka dimu na spotilaiti hazikuzimika”, basi abiria wote wanaweza kushuka na kutazama. Kipimo humlinda dereva, na humlinda pia askari mwaminifu asiitwe mwizi. Dereva naye ajue haki yake: faini ya papo kwa papo ya Uganda huandikwa na kulipwa kupitia benki, haiwekwi mkononi mwa askari, na asiyekubali kosa ana haki ya kwenda mahakamani.

Yaliyotokea Juni 2025 yanafundisha. Serikali ilianzisha faini za kielektroniki za mwendo kasi, Shilingi 200,000 kwa aliyezidisha hadi kilomita 30 kwa saa na 600,000 kwa aliyepita hapo. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla mwezi huo haujaisha Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akausimamisha mfumo. Wapo waliosema wananchi wanataka kuua watu kwa mwendo. Sivyo. Faini ilifika kwenye simu kabla maelezo hayajafika masikioni, na mahali pengi kibao cha kuonyesha mwendo unaoruhusiwa hakikuwepo. Taa za kuongeza zinaelekea njia hiyohiyo, isipokuwa polisi na wizara wakibadili mpangilio: maelezo kwanza, kisha muda wa kurekebisha, ndipo adhabu.

Mpangilio huo hauhitaji mitambo ya kifahari. Ukaguzi wa taa ufanyike jioni, giza likiingia, kwa dereva kuwasha na kuzima mbele ya askari. Atakayekutwa na kosa la kwanza apewe siku za kurekebisha na kurudi kwa mkaguzi wa magari, badala ya kung'olewa waya barabarani. Anayezihitaji spotilaiti shambani azifunike akiwa kwenye lami, kama sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani zinavyotaka kwa taa za porini. Na mkono wa sheria ufike dukani na gereji. Ni dhuluma kumtoza dereva wa Kaberebere kwa kifaa kilicholipiwa ushuru mpakani, kikauzwa kwa leseni na kufungwa na fundi, halafu hao wengine wote wasiulizwe neno.

Jambo la lugha nalo si dogo. Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Nakivale, makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na kwenye stendi ya boda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri, kwa hiyo wapo barabarani kihalali. Mkimbizi anayesimamishwa na afande, asiyejua kanuni inasema nini na anayeogopa kituo cha polisi kuliko faini, hutoa pesa upesi kuliko mtu yeyote. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na polisi wenyewe wamekitumia kwa miaka mingi. Karatasi moja ya kanuni za taa, kwa Kiswahili na Kinyankole, ibandikwe kila stendi kuanzia Mbarara hadi Base Camp ya Nakivale.

Wakati karatasi hiyo inasubiriwa, msomaji mwenye gari anaweza kujipima mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo unaobeba kila siku. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, uweke alama ukutani kwa urefu huo, kisha washa dimu. Kwa gari dogo, ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Ukiwa juu yake, unapofusha watu. Geuza kile kigurudumu karibu na usukani, au mpelekee fundi arekebishe skrubu za taa. Ukuta hapo Kaberebere haukosekani, na giza huingia mnamo saa moja jioni, mwaka mzima.