Mdudu wa Siku Moja na Samaki Trauti

Ndugu askari na polisi, wengi wenu hukesha lindoni kando ya maji, nanyi mmekwisha ona jinsi wadudu wanavyoizonga taa usiku. Leo twapenda kuwaelezeni habari za mmoja wao ambaye wavuvi wa ndoana wa Uingereza humngojea mwaka mzima. Sisi twamwita mdudu wa siku moja, maana akiisha kuota mbawa hadumu. Hata kinywa cha kulia chakula hana.

Walakini umri wake wote si siku moja, hasha. Yule wa mito ya Test na Itchen hukaa yapata miaka miwili chini ya mto, angali tunutu, amejichimbia topeni, akipumua kwa matamvua yaliyo ubavuni mwake. Ufikapo mwisho wa Mei huogelea hadi juu, ngozi ikapasuka, akatoka na mbawa za kijivu zisizong'aa. Huruka hadi mitini, na huko hujivua ngozi tena. Hakuna mdudu mwingine ajivuaye ngozi hali amekwisha pata mbawa za kurukia. Sasa mbawa zang'aa kama kioo. Madume hucheza hewani, majike huwafuata wakapata mbegu, hutaga mayai juu ya maji, kisha huanguka papo hapo, mbawa zimetandazwa.

Trauti ni samaki mwangalifu mno. Kivuli cha mtu tu humkimbiza. Lakini katika majuma mawili hayo husahau lindo lake, akala waziwazi, hata mvuvi asiye hodari akamnasa. Ila yapasa kujua anakula yupi saa ile: tunutu apandaye, wa kijivu aeleaye, au mfu. Kwa hiyo wavuvi hufunga manyoya ya ndege katika ndoana kwa mfano wa kila hali, na aliyekosea hurudi mikono mitupu, ijapokuwa mto wachemka samaki.

Tunutu hawezi kuishi palipopungukiwa na oksijeni. Mwaka 1953, magharibi ya Ziwa Erie, Amerika ya Kaskazini, jamaa zake walikufa kwa wingi maji ya chini yalipokosa hewa hiyo. Wakaanza kurudi katika miaka ya 1990, uchafu ulipokwisha punguzwa.

Nasi tunaye wetu katika Ziwa Victoria, wala si wale wadogo wanaopaa kama moshi. Tunutu wake hutoboa mafunjo na mbao zilizozama majini, akafanya makao humo, na wenye mbawa hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Mwenye mashua ya mbao na aikague chini.