Je, Wajua? Kigari cha Rimoti Hushinda kwa Matairi Kabla ya Mota

Je, wajua kwamba anayeendesha kigari cha mbio kwa rimoti ana muda mfupi wa kuamua kuliko dereva wa gari halisi? Pikapu ya kweli ikirushwa na tuta hadi mita 2 juu, hutumia zaidi kidogo ya nusu sekunde kushuka. Kigari kilichoundwa kwa kipimo cha moja ya kumi, kikiruka sentimita 20, kinagusa ardhi baada ya sekunde 0.2 tu. Mvutano wa dunia haupungui kwa kuwa chombo ni kidogo. Mambo uwanjani hutokea kwa kasi ya mara 3 hivi, na hakuna kidole kiwezacho kurekebisha kila mruko. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushindi hutengenezwa mezani, kabla ya mbio, kwa bisibisi, rula na chupa za mafuta ya silikoni.

Vigari hivi vimeiga pikapu za mbio za mzunguko mfupi za Marekani. Mbio za jangwani kama Baja 1000, zilizoanza mwaka 1967 nchini Mexico, huwapeleka madereva mbali sana na watazamaji. Mbio za mzunguko mfupi zikaleta matuta na vumbi mahali ambapo watu wanaweza kuona yote. Zile za Crandon, katika jimbo la Wisconsin, zilianza mwaka 1970. Mwaka 1979 mwandaaji wa mbio Mickey Thompson akamwaga udongo ndani ya uwanja wa Coliseum wa Los Angeles na kuzifanya pikapu zirukeruke mbele ya majukwaa. Mwaka 2008 kampuni ya Traxxas ikatoa kigari cha Slash, mwaka uliofuata Team Associated ikaleta SC10, na daraja jipya likajaa vilabuni. Mojawapo ya sababu za kupendwa kwake ni bodi pana inayofunika magurudumu yote manne: vigari vinaweza kusuguana kwenye kona bila magurudumu kunasana.

Mwanzoni wengi hukimbilia mota yenye nguvu zaidi. Lakini nguvu yote hupita mahali padogo tairi linapogusa udongo, kwa hiyo marekebisho huanzia hapo. Matairi haya hayajazwi upepo. Ndani yana sponji, na huunganishwa na rimu kwa gundi kali. Udongo mkavu wenye vumbi tifutifu unahitaji kashata, yaani meno ya tairi, ndefu zinazochimba. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa hadi kung'aa unahitaji kashata fupi na mpira laini unaonata. Ukikosea tairi, hakuna springi itakayokuokoa.

Baada ya tairi huja kimo. Weka betri ndani, kiachie kigari kianguke kidogo juu ya meza ili springi zitulie, kisha pima nafasi iliyo chini ya chasisi. Wengi huanzia kati ya milimita 25 na 30. Kikikaa juu sana hupinduka konani. Kikikaa chini sana tumbo hugonga matuta. Halafu matairi huegemezwa ndani kwa juu, nyuzi 1 au 2, kwa sababu kigari kinapoinama konani tairi la nje hunyooka na kukanyaga kwa upana wake wote. Yale ya nyuma huelekezwa ndani kwa mbele, mara nyingi nyuzi 3 hivi, ili mkia usichomoke unapobonyeza spidi.

Shokapu ndizo zenye siri nyingi. Ndani ya kila moja kuna pistoni yenye vitundu vidogo inayosukumwa ndani ya mafuta. Mafuta mazito huchelewesha mwendo wake, mepesi huuachia. Jaribio rahisi ni kukiinua kigari sentimita 20 hivi na kukiachia kitue kwa magurudumu manne: kizame, kirudi juu mara moja, kitulie. Kikidundadunda, mafuta ni mepesi mno. Hewa ya baridi huyafanya mafuta kuwa mazito, joto huyalegeza, hivyo kilichofaa asubuhi huenda kisifae mchana.

Springi na stabilaiza hugawa uzito unaohamia nje konani kati ya mbele na nyuma. Upande uliokazwa zaidi hubebesha tairi lake la nje mzigo mkubwa konani, na tairi lililoelemewa hushika kidogo kuliko mawili yanayosaidiana. Kwa hiyo kigari kinachogoma kukata kona hulegezwa mbele, na kinachozungusha mkia hulegezwa nyuma. Kwenye vigari vinavyovutwa na magurudumu yote, difu nazo hujazwa mafuta ya silikoni mazito sana, ya maelfu ya sentistoksi. Yakiwa mazito, magurudumu ya pande mbili huvuta kwa pamoja. Yakiwa mepesi, kigari huingia konani kwa urahisi, ila gurudumu la ndani huweza kuzunguka bure.

Je, wajua pia kwamba spidi na breki hufanya kazi hata kigari kikiwa hewani? Ukiongeza spidi, magurudumu huzunguka mbele kwa kasi zaidi na mwili hujibu kwa kuinua pua. Ukishika breki, pua hushuka. Ustadi huu ni muhimu hasa hapa, kwa sababu bodi pana hunasa upepo chini yake kama mwavuli na kukipeperusha kigari. Wanambio wengi hukata matundu sehemu ya nyuma ya bodi ili hewa ipite.

Mota huja mwisho. Pinioni, yaani gia iliyo kwenye mota, ikiwa kubwa huongeza kasi na pia joto, na joto likizidi hudhoofisha sumaku za mota. Wengi hulipima joto hilo baada ya mbio na kuanza kuhofu linapokaribia nyuzi 75 za Selsiasi. Pinioni na gia inayoizungusha hupangwa kwa kupitisha ukanda wa karatasi katikati ya meno yake, kisha kuutoa. Betri ya lithiamu ya seli mbili, yenye volti 7.4, hujaa kwenye volti 8.4; usiichaji bila kuisimamia, na usiiache seli yoyote ishuke chini ya volti 3.

Kanuni inayotawala yote haya ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, endesha, pima muda wa mizunguko, andika. Aliyebadilisha springi, mafuta na tairi kwa pamoja hajui ni kipi kilichomsaidia wala kilichomharibia. Angalia pia wastani wa mizunguko yote, si ule mmoja bora, kwa kuwa mbio za dakika 5 hupotezwa kwa kupinduka mara moja tu. Kama una kigari chako, acha mota uliyonayo, nunua matairi yanayofaa udongo wa kwenu na daftari la kuandikia. Hiyo ndiyo fedha itakayokupunguzia sekunde nyingi zaidi.