Okotoks-High River: Sehemu ya Uchaguzi Iliyotaka Kumurudisha Waziri Mukubwa

Tukifungua leo karta ya uchaguzi ya jimbo la Alberta, katika inchi ya Kanada, hatuoni tena jina la Okotoks-High River. Lilifutwa mwaka 1971, kisha kudumu miaka 41. Ilikuwa sehemu ya mashamba na ngombe, na nje ya jimbo lile si wengi walioijua. Lakini kule kulitokea jambo tunalotaka kulieleza hapa kwa urefu: watu wa mashamba walikamata sheria iliyotungwa na serkali ya mujumbe wao, wakajaribu kuitumia juu yake yeye mwenyewe.

Kwanza tueleze namna ya uchaguzi wa kule, maana bila hiyo mambo yanayofuata hayafahamiki. Alberta ilifanywa jimbo mwaka 1905. Ina bunge lake, mbali na bunge kubwa la Kanada. Jimbo linakatwa sehemu-sehemu, na kila sehemu ya mashamba inatuma mujumbe mumoja. Waziri mukubwa wa jimbo hachaguliwi na watu wote wa jimbo. Ni mukubwa wa chama chenye wajumbe wengi, na kwa desturi anapaswa kuwa na kiti katika bunge, maana yake kuchaguliwa na watu wa sehemu moja, kama mujumbe mwengine yeyote.

Okotoks na High River ni miji miwili kusini ya muji mukubwa wa Calgary, pale tambarare zinapoanza kupanda kuelekea milima ya Rocky. Jina Okotoks limetoka katika luga ya Wablackfoot, wenyeji wa inchi ile, nalo ni neno la jiwe: karibu na muji kuna jiwe kubwa ajabu, lenye uzito wa tani zaidi ya 16,000, lililoletwa na barafu zamani sana. High River imekaa kando ya mto Highwood. Kwanza kila muji ulikuwa na sehemu yake. Mwaka 1930 sehemu zile mbili ziliunganishwa kuwa moja. Karibu na miji hii, chini ya milima, kuna Turner Valley, ambako gazi na mafuta ya petroli yalianza kutoka mwaka 1914, na mwaka 1936 mafuta mengi zaidi yakapatikana. Hivi wakulima, wachungaji wa ngombe na wafanyakazi wa petroli walikuwa majirani. Musomaji alishike neno hilo, litarudi mbele.

Tangu mwaka 1921 Alberta ilitawaliwa na chama cha wakulima. Ndicho kilicholeta, mwaka 1924, namna mupya ya kupiga kura katika sehemu za mashamba: muchaguzi hakuandika alama moja tu, aliandika 1, 2, 3 mbele ya majina, kwa kufuata mapendo yake. Kama hakuna aliyepita nusu ya kura, yule wa mwisho aliondolewa, na kura zake zikaenda kwa wale walioandikwa wa pili. Namna hiyo ilidumu hata uchaguzi wa 1955, kisha serkali ikaifuta. Wakulima wale walipenda sana wazo moja tena: mujumbe ni mutumishi aliyetumwa, na bwana aliyemutuma anaweza kumwita arudi.

Kisha ikaja taabu ya miaka ya 1930. Bei ya ngano ilianguka, mashamba yakakauka, madeni yakawalemea watu. Wakati ule kulikuwa Calgary mukubwa wa masomo mumoja, William Aberhart, muhubiri wa Kiprotestanti, aliyeeleza Biblia kwa radio tangu mwaka 1925. Siku ya Mungu watu wa mashamba walikusanyika kwa jirani mwenye radio, wakamusikiliza. Tangu mwaka 1932 alianza kuchanganya na mahubiri yake mafundisho juu ya feza, yaliyotungwa na Mwingereza C. H. Douglas: kwamba watu ni masikini kwa sababu feza haitoshi kununua vitu vinavyotengenezwa, basi serkali iwagawie. Aberhart alitaja hesabu: dola 25 kila mwezi kwa kila mutu muzima. Sisi tuliozoea kazi ya kuhubiri tunaweza kupima nguvu ya ahadi ya namna hii, ikitoka katika kinywa kilekile kilichoeleza Maandiko miaka kumi.

Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 1935 chama chake kilipata viti 56 kati ya 63. Chama cha wakulima hakikubakiza hata kimoja. Lakini Aberhart mwenyewe hakuwa amesimama katika uchaguzi ule! Alifanywa waziri mukubwa bila kuwa na kiti. Ilihitajiwa mujumbe mumoja akubali kumwachia nafasi, na aliyekubali ni William Morrison, mujumbe mupya wa Okotoks-High River. Mwezi wa 11 Aberhart akaingia pale bila mupinzani. Hakuna kura hata moja iliyopigwa. Watu wale walimupokea waziri mukubwa kama vile mutu anavyopokea mugeni aliyeletwa na ndugu yake.

Mwaka 1936 bunge likatunga sheria ya kurudisha wajumbe. Wachaguzi wa sehemu wakichoka na mujumbe wao, waandike majina yao katika makaratasi. Majina yakifika sehemu mbili juu ya tatu za wachaguzi wote, mujumbe anapoteza kiti chake. Tuangalie uzito wa hesabu hiyo. Kushinda katika uchaguzi, inatosha kupita wengine kati ya wale waliokuja kupiga kura. Hapa walihesabiwa wote walioandikwa, pamoja na wagonjwa, wasafiri na wavivu. Pengine watunzi wa sheria walizani hakuna sehemu itakayoweza.

Sehemu ya kwanza kujaribu kwa nguvu ni ile ya waziri mukubwa. Mwaka 1937 zile dola 25 hazikuwa zimeonekana, hata wajumbe wa chama chake wenyewe walimuasi kwa muda. Katika Okotoks-High River watu walianza kupitisha makaratasi nyumba kwa nyumba, na majina yakawa mengi kiasi cha kutimiza hesabu ya sheria.

Serkali ilijibu namna gani? Ilisema makampuni ya petroli yalishurutisha wafanyakazi wao kutia mukono. Hatutaki kucheka neno hilo. Kura ya sanduku ni ya siri, lakini karatasi ya majina inaonekana na kila mutu. Katika muji mudogo wa wafanyakazi, bwana wa kazi anajua nani ametia mukono na nani amekataa. Na makampuni hayakumupenda Aberhart. Lakini kama kulikuwa na shuruti, dawa yake ilikuwa kuchunguza jina moja moja, na kutupa yale ya uwongo. Serkali haikufanya vile. Katika mwaka ule ule bunge lilifuta sheria yenyewe, tena likaandika kwamba kufutwa kwake kuhesabiwe tangu siku ilipotungwa, kama vile haikuwako kamwe. Hivi makaratasi ya watu wa Okotoks-High River yaligeuka makaratasi matupu, na waziri mukubwa akabaki na kiti.

Katika uchaguzi wa 1940 hakurudi kwao kuomba kura. Alisimama Calgary, akachaguliwa kule. Akafa mwaka 1943, akiwa bado waziri mukubwa, na chama chake kikatawala hata mwaka 1971.

Mwaka huo wa 1971 ndio mwisho wa sehemu yenyewe pia. Mipaka ilikatwa upya, na nafasi yake ikachukuliwa na sehemu ya Highwood, yenye jina la ule mto. Mambo kama hayo yamefikia sehemu nyingi za mashamba katika Kanada. Watu wanahamia katika miji, na sheria inataka hesabu ya watu katika sehemu zote ikaribiane. Katika Alberta sehemu inaweza kupita kipimo cha kati, ao kupunguka chini yake, kwa 25 kwa mia. Sehemu chache tu za mbali zinaruhusiwa kupunguka zaidi. Mwaka 1991 Korti Kuu ya Kanada ilikubali kwamba sehemu za mashamba zinaweza kuwa na watu pungufu kidogo, kwa sababu ya urefu wa njia na shida ya mujumbe kuwafikia. Lakini Okotoks haiwezi tena kujitetea kwa njia hiyo: mwaka 2021 ilikuwa na watu zaidi ya 30,000, na wengi wanafanya kazi Calgary.

Mwaka 2021 vilevile bunge la Alberta lilitunga tena sheria ya kurudisha wajumbe, ikaanza kutumika mwaka 2022. Kwanza hesabu ya majina iliwekwa kuwa 40 kwa mia ya wachaguzi. Tena safari hii majina yakitosha mujumbe haondoki palepale: wachaguzi wote wa sehemu wanaitwa kwanza kupiga kura juu yake, kwa siri.