Wazee Walisimulia, Vijana Wakaandika

Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai, 1905. Wewe na mimi hatukuwepo. Je, habari zake tumezipataje?

Mwanzoni wengi walioandika habari hizo walikuwa Wajerumani. Wao walitawala, na kalamu ilikuwa mikononi mwao. Gavana Götzen alitoa kitabu chake mwaka 1909. Mtu mliyegombana naye akiandika habari za ugomvi wenu, je, ataandika upande wako?

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini. Waliwatafuta wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1905 alikuwa na miaka 75. Wangechelewa kidogo tu, wasingewakuta.

Wazee walieleza habari za pamba. Watu walilazimishwa kulima shamba la pamba chini ya jumbe au akida. Mashamba yao ya chakula yaliota majani. Aliyechelewa alichapwa kiboko. Malipo yalikuwa haba mno. Huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kuanza vita. Mimi ni bwana shamba, na pamba naipenda. Lakini pamba ya kiboko siitetei.

Je, mzee akisema neno, basi ni kweli? Hapana. Mzee naye husahau, na pengine humsifu babu yake kupita kiasi. Kwa hiyo mtafiti humwuliza mzee mwingine, wa kijiji kingine. Kisha husoma barua na taarifa za Wajerumani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kama mzee hakumbuki mwaka, huulizwa: Ilikuwa kabla ya njaa ile, au baada yake? Wewe uliona kwa macho, au ulisimuliwa? Mwandishi wa barua naye huchunguzwa hivyo hivyo. Alikuwepo? Alimwogopa nani?

Habari hizo hazikufungiwa kabatini. Gwassa na Iliffe walitoa kitabu cha habari za vita hivyo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wa kuigiza, Kinjeketile, kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma aliweza kuutazama. Na pale Songea kuna makumbusho ya vita hivyo.

Sasa nikuambie kosa langu. Nilipoanza kazi, mzee mmoja alitaka kunionyesha mipaka ya shamba la jumbe ambalo baba yake alilimishwa. Nikamwambia, "Babu, leo napima mashamba, nitarudi." Nilirudi baada ya misimu miwili. Nilikuta kaburi. Wanawe wanajua kwamba shamba lilikuwepo, lakini mahali lilipokuwa hawapajui.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika jina la mzee, kijiji chake na tarehe ya leo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yale usiyoyapenda. Nenda jioni, akiwa amekwisha kula. Ukimaliza msomee yote, akusahihishe.