Skrini ya Kutyuni Injini: Nafuu kwa Mfuko, Nyepesi kwa Macho

Kutyuni injini ni kuiambia kompyuta ya gari mambo mawili: imwage mafuta kiasi gani kwa hewa inayovutwa, na cheche ya plagi iruke wakati gani. Maagizo hayo hukaa ndani ya majedwali ya namba. Jedwali la kawaida lina safu 16 kwa 16, jumla vyumba 256. Upande mmoja kuna kasi ya injini, upande mwingine shinikizo la hewa kwenye manifoldi. Fundi hubadilisha namba ya chumba kimoja injini ikiwa inanguruma, nayo huitikia papo hapo. Wakati huo macho yake ni skrini na mikono yake ni vitufe. Skrini ikichelewa kusema ukweli, au kitufe kikibonyezwa bila kukusudia, pistoni inaweza kutoboka kabla fundi hajanyanyua mguu kwenye akseleta.

Zamani vifaa vya kazi hii vilikuwa vya wenye fedha nyingi. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walianzisha MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mwenye gari aliweza kununua vipande vyake na kuviunganisha mwenyewe. Baadaye ikaja Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino Mega 2560 yenye kasi ya megahezi 16 tu. Mbele ya simu ya leo kasi hiyo ni ndogo sana. Lakini injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na katika muda huo bodi hupata mapigo 160,000 ya kufanyia hesabu. Hivyo kompyuta yenyewe si mzigo tena; kilichobaki nyuma ni sura yake. Wengi bado hutyuni kwa laptopu iliyowekwa kiti cha abiria. Ikifika kona inateleza, juani haionekani, na kwenye matuta waya wake unachomoka.

Skrini ndogo ya kudumu huanza na waya mbili zilizosokotwa pamoja. Ndizo njia ya CAN, mfumo wa mawasiliano kati ya kompyuta za gari ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986 na ambao leo umo karibu katika kila gari jipya. Kila ncha ya waya hizo hufungwa rezista ya omu 120. Gari likiwa limezimwa, mita ikiwekwa kati ya waya mbili inapaswa kusoma karibu omu 60. Kipimo hicho kimoja huokoa siku nzima ya kutafuta hitilafu. Katika soketi ya OBD, ile ya kuchunguzia hitilafu za gari, waya hizo ziko pini ya 6 na ya 14. Skrini huuliza kasi ya injini, kompyuta hujibu kwa namba mbili, tuseme 26 na 248; ya kwanza huzidishwa kwa 256, ya pili huongezwa, jumla hugawanywa kwa 4, na jibu ni mizunguko 1,726 kwa dakika. Soketi hiyo hutosha kwa kusoma. Kubadilisha majedwali kunahitaji kompyuta iliyokubali kutyuniwa. Tena magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo yamejaa Tanzania na Kenya, hayazungumzi lugha hiyo ya CAN, na kifaa kikichomekwa hubaki kimya ingawa ni kizima. Kwa hiyo gari huchunguzwa kabla ya kununua chochote.

Ubongo wa skrini hiyo unaweza kuwa chipu kama ESP32, yenye uwezo wa CAN ndani yake. Huhitaji chipu ndogo ya kuiunganisha na waya, pamoja na skrini. Wengi hubana matumizi kwenye umeme, na hapo ndipo wanapokosea. Umeme wa gari si safi. Stata ikivuta, volti 12 za betri huporomoka. Oltaneta ikichaji hufika volti 14 na zaidi. Waya wa betri ukichomoka injini ikiwa inafanya kazi, mshtuko wa makumi ya volti hupita kote. Fyuzi, dayodi ya kuzima mishtuko na saketi nzuri ya kushusha volti ni vitu vya bei ndogo, na bila hivyo skrini huwa na maisha mafupi.

Sasa swali la nini kionekane. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo kwamba kazi yoyote ya skrini ndani ya gari isimlazimishe dereva kuondoa macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa huenda mita 44 katika muda huo. Kwa hiyo ukurasa wa dereva hubeba vitu vichache vikubwa. Joto la maji halihitaji namba, kwa kuwa 87 na 88 ni mamoja kwake. Anachohitaji kujua ni kama limevuka mpaka. Rangi pekee haitoshi kumwonya, maana wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani. Onyo libadilishe pia umbo, mahali na neno. Maneno mafupi ya gereji, kama MAJI, OILI na HEWA, hutosha.

Ukurasa wa fundi ni mwingine. Hapo uwiano wa hewa kwa mafuta uliopimwa kwenye ekzosi huwekwa bega kwa bega na uwiano unaotakiwa. Petroli huungua kikamilifu kwenye 14.7 kwa 1, lakini injini isiyo na turbo ikikanyagwa hadi mwisho huhitaji karibu 12.5 hadi 13. Anayeona 13.8 peke yake hana budi kukumbuka lengo, anayeona 13.8 pembeni ya 12.8 hujua mara moja kwamba mafuta ni pungufu. Namba nayo isirukeruke. Ikibadilika mara nne au tano kwa sekunde inasomeka. Kwa mabadiliko ya haraka kuna mstari unaopanda na kushuka.

Shinikizo la hewa ya nje nalo linastahili nafasi. Mombasa ni karibu kilopaskali 101. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 82. Gari lisilo na turbo lililotyuniwa pwani likifika Nairobi halitagusa tena vyumba vya juu vya jedwali, na fundi asiyeiona namba hiyo anaweza kufungua injini akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kwenye vitufe, nobu ya kuzungusha inayobonyezeka huishinda skrini ya kugusa. Kidole chenye grisi kwenye barabara mbovu hukosa shabaha, ila nobu hutambulika kwa mkono macho yakiwa mbele. Kila mlio wa nobu uwe asilimia 1 ya mafuta, na mabadiliko yakae kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Kuhifadhi kuwe kwa kubonyeza kwa muda mrefu, na kitufe cha KURUDISHA kiwe cha peke yake, kinene, kisichofichwa ndani ya menyu. Mipaka isilingane pande zote. Kuongeza mafuta kuruhusiwe zaidi kuliko kupunguza, na kuchelewesha cheche zaidi kuliko kuiwahisha, kwa sababu cheche inayowahi mno huleta ule mlipuko wa kugonga ndani ya silinda unaovunja pistoni.

Majaribio huanza mezani, rezista za kuzungusha zikiigiza sensa. Kisha kifaa hupewa fundi ambaye hakushiriki kukibuni, bila maelezo, na mbunifu hutazama kidole chake kinaenda wapi kwanza. Jaribio la mwisho ni kuchomoa waya wa CAN injini ikiwa inanguruma. Injini isitetereke hata kidogo. Skrini nayo isigande na namba ya mwisho. Chini ya sekunde moja ifute kila kitu na kuandika HAKUNA TAARIFA.